Naomba ushauri: swali la vitamini C limenikwamisha mbele ya vijana

Wakuu, nafundisha vijana masomo ya imani. Wiki iliyopita nilisimama mbele yao na yai mkononi. Nikawaambia: humu ndani mna protini, mafuta na madini, kila anachohitaji kifaranga mpaka atoke, kwa hiyo yuko aliyelipanga. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona yai halina vitamini C? Na mbona mbuzi anajitengenezea, sisi hatuwezi?" Nikakosa la kusema. Muumba namwamini kwa moyo wote, ila kudanganya watoto sitaki. Nimjibuje?

Mchangiaji wa 1
La yai ni jepesi, mkuu. Kuku hujitengenezea vitamini C, na kifaranga pia. La mbuzi ndilo zito. Yeye huitengeneza kwenye ini kutokana na glukosi. Sisi jeni ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho tunayo, ila ni mbovu, na kwa nyani na sokwe ni mbovu vilevile. Wanabiolojia husema hiyo ni alama ya ukoo mmoja. Mabaharia wamekufa sana kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kwa sababu ya kasoro hiyo. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwajaribu wagonjwa 12, na waliopewa machungwa na malimau wakapona haraka kuliko wenzao.

Mchangiaji wa 2
Mimi ni muumini kama wewe. Wapo wanaojibu kwamba jeni iliumbwa nzima, ikaharibika baadaye. Sawa, lakini mbona iharibike kwa nyani pia? Usimpe binti jibu hilo ukadhani umemaliza. Hata hoja kwamba nafaka na kunde zilipangwa zisaidiane, naipenda sana: nafaka zina lisini kidogo, kunde zina methionini kidogo (zote mbili ni matofali ya protini), zikiliwa pamoja zinakamilishana. Ila niasini (vitamini B3) ya mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri mpaka uyachemshe na chokaa, kama walivyofanya wenyeji wa Meksiko. Yalipofika Ulaya bila ujuzi huo, waliotegemea mahindi tu wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini.

Mchangiaji wa 3
Na ile hoja kwamba ndizi iliumbwa laini na rahisi kumenya ili tuile, iache, ndugu yangu. Ndizi mwitu imejaa mbegu ngumu. Hii laini tunayomenya ni kazi ya wakulima waliochagua miche vizazi na vizazi.

Mleta uzi
Asanteni sana. Kipindi kijacho naanza na yule binti, nikiri mbele ya wenzake kwamba swali lake lilinishinda, kisha tulisome pamoja. Mchangiaji wa 1, hiyo jeni inaitwaje, nimwandikie ubaoni?

Mchangiaji wa 1
GULO.