Filamu inapendeza macho lakini watu wanatoka bandani, nifanyeje?

Mwenyebanda: Ndugu zangu, naombeni ushauri. Nina banda la video hapa Busia, upande wa Uganda. Jumamosi jioni niliweka Blade Runner 2049. Picha zake acha tu: jiji la mvua na taa, jangwa la vumbi la rangi ya chungwa. Roger Deakins aliyezipiga alipata Oscar 2018 kwa kazi hiyo. Lakini haikufika nusu, mabenchi yakawa matupu. Ijumaa narudia. Niwashikeje watu?

MamaKatwe: Dakika 163, mwanangu! Kimya kile kinataka VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti. Sisi tumekulia kwa ma-VJ, picha ikinyamaza wao wanaongea. Mume wangu nilimpata bandani hivyo hivyo, tukigombea benchi la mbele.

Mtoto wa Malaba: Urefu si hoja. Yule mpelelezi K anatumwa, anakwenda, anatazama, anaondoka, uso ule ule. Utamhofiaje mtu ambaye hujui anataka nini? Macho yanashiba, moyo unalala njaa.

Ustadhi: Kibali cha kuonyesha unacho? Mle kuna wanawake uchi, na bandani watoto hawakosi.

Fundi Dishi: Ubaoni uliandika nini?

Mwenyebanda: Watu wanapenda filamu nzuri, ubao si kitu.

Fundi Dishi: Nimeuliza uliandika nini.

Mwenyebanda: "Vita vya maroboti mwanzo mwisho", na picha kubwa ya mwigizaji Harrison Ford. Si uongo. Ford yumo, ngumi zimo.

Mtoto wa Malaba: Ford anatokea saa nzima na zaidi imeshapita! Aliyelipa kumwona yeye angekaaje?

Mwenyebanda: Bango la Ijumaa limeshachorwa, mchoraji nimemlipa. Watu nao wajifunze kutulia.

Fundi Dishi: Ngojeni. Jumamosi jioni, ligi ya Uingereza inachezwa, banda gani Busia linaweka filamu? Hii umetunga.

MamaKatwe: Eh! Hata mimi nimeshtuka.

Ustadhi: Uongo mwingine juu ya uongo.

Mwenyebanda: Sijatunga, wallahi. Malipo ya dishi yalikwisha. Wengi walikuja kwa mazoea ya mpira, nikawawekea filamu.

Fundi Dishi: Basi walikimbia kukosa mpira! Lipia dishi.

Mtoto wa Malaba: Alipie, na bado filamu ina kasoro. Ila ndani yake kuna swali zito: K anataka kujua kama alizaliwa au alitengenezwa. Andika hilo ubaoni, VJ alitaje mapema, watu watakaa.

Mwenyebanda: Na bango?

MamaKatwe: Lipake chokaa.