Mjadala: makala za reli tuzipange kwa njia, kwa shirika, au kila stesheni ijitegemee?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Nimekuwa nikiandika na kurekebisha makala za reli kwenye kamusi elezo ya Kiswahili na kuna jambo linanikera mpaka nimeona nililete hapa tulijadili wazi wazi. Makala zetu hazina mpangilio. Hii inaeleza njia, ile inaeleza shirika, nyingine stesheni, nyingine vyote vitatu kwa mpigo, alafu msomaji anamaliza kusoma hajui kama alichosoma ni reli iliyolazwa chini au ni ofisi iliyokuwa inaiendesha.

Chukueni mfano wa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Mtu akiandika "reli ya kati inaendeshwa na TRC tangu 1977" inaonekana sawa kabisa, kumbe sio. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika shirika la reli la pamoja likagawanywa, Tanzania ikapata TRC, Kenya na Uganda nao wakapata yao. 2007 uendeshaji ukaenda kwa kampuni ya TRL, ambayo ilikuwa ubia wa serikali na kampuni ya RITES ya India, baadaye serikali ikairudisha yote mikononi mwake, alafu 2017 ikaja sheria iliyounganisha TRL na RAHCO, ile iliyokuwa inamiliki miundombinu, ndo ikazaliwa TRC ya sasa. Herufi zile zile tatu, vyombo viwili. Lakini njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ni ile ile iliyoanza kujengwa 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mashirika yamekuja na kuondoka juu yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: njia ndo iwe shina. Kila njia makala moja kamili, historia, geji (upana kati ya reli mbili), urefu, matawi, orodha ya stesheni zake kwenye jedwali. Mashirika yawe na makala zao fupi zenye miaka iliyonyooka. Na stesheni isipewe makala yake mpaka iwe na kitu cha kuelezwa kinachozidi jina na mahali ilipo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu napinga hapo kwenye stesheni. Watu hawatafuti "reli ya Mombasa hadi Kisumu", wanatafuta jina la stesheni wanayoijua, wakikosa wanaondoka. Mi naona makala fupi ya sentensi mbili tatu ni mlango, leo umeweka mbili kesho anakuja mwenyeji anaongeza picha na mwaka wa kufunguliwa. Ukiizuia mwanzoni huyo mwenyeji hatakuja kabisa maana hana pa kuanzia.

Mleta mada

Nimekuelewa, na hoja ya mwenyeji ni nzito. Ila angalia SGR ya Kenya, ile reli mpya ya geji pana, kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilichoanza kubeba abiria 2017. Stesheni za abiria ni tisa: Mombasa (ambayo yenyewe iko Miritini), Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na Nairobi iliyo Syokimau. Tukizifungulia makala tisa leo, ya Miasenyi itasema iko kati ya Mariakani na Voi, ya Mariakani itasema iko kati ya Mombasa na Miasenyi, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Hayo ni maelezo ya jedwali moja tumeyakata vipande tisa. Na siku treni ikiacha kusimama mahali fulani itabidi urekebishe makala tatu badala ya mstari mmoja, na mimi najua kabisa tutarekebisha moja tu, zile mbili zitabaki zinadanganya watu.

Huyo anayetafuta jina la stesheni tumpe elekezo. Anaandika Miasenyi, anatua moja kwa moja kwenye ule mstari wa jedwali. Akiwa na picha aiweke pale pale.

Voi hapo sawa, nakubali ipewe yake. Ina stesheni ya reli ya zamani na ya SGR, na ndipo lilipoanzia tawi la kwenda Taveta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya jeshi la Waingereza, likaja kuungana na reli ya Tanga pale Kahe. Hiyo ni historia, inajaza makala bila kulazimisha.

Mchangiaji wa pili

Ninyi wote mnazunguka tu. Mpangilio rahisi ni nchi. Reli za Kenya, reli za Tanzania, reli za Uganda, reli za Zambia, kwisha. Mwanafunzi anayeandika insha anaulizwa usafiri wa nchi yake, haulizwi njia.

Mleta mada

Ndugu yangu, nchi ifae kama jamii ya kukusanyia makala, kwenye makala yenyewe italeta makosa. Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Tanzania ni kama 975, zilizobaki 885 ni Zambia. Nenda kaweke 1,860 kwenye jedwali la reli za Tanzania na mwenzako aweke 1,860 kwenye la Zambia, hapo mmeshajenga reli mbili ambazo hazipo. Na historia yake utaikata wapi? Mkopo wa China ni mmoja, makubaliano ya serikali zote mbili ni yale yale, kazi ilianza 1970 na ni mradi mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukiikata pale mpakani Tunduma kila upande unabaki na nusu ya sababu.

Hata hiyo inayoitwa Reli ya Uganda, ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika ziwani 1901, pale panapoitwa Kisumu leo. Wengi wanashangaa mbona imeitwa Uganda na imeishia Kenya. Ni kwa sababu wakati ule eneo lile lilihesabiwa upande wa Uganda, likahamishwa 1902. Reli ikaja kufika Kampala 1931. Mpaka ulihama, reli ilikaa pale pale.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina lingine na naomba mnijibu kwa uungwana maana linaniuma. Baba yangu alifanya kazi reli miaka mingi, stesheni ndogo tu, alikuwa anatoka usiku na taa kwenda kugeuza njia treni la mizigo lipishane na la abiria, na alikuwa anajua kila stesheni ya tawi lile, ipi ilikuwa na tangi la maji la injini za mvuke, ipi ilifungwa na kwa nini, na mimi nikayaandika yote kwenye makala kama alivyonieleza, kesho yake yamefutwa yote eti hayana chanzo. Sasa chanzo gani kinazidi mtu aliyeishi pale? Vitabu vilivyopo vimeandikwa na watu waliopita kwenye behewa la daraja la kwanza.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana dada. Hili ndo tatizo letu kubwa kuliko hata hilo la mpangilio.

Mleta mada

Dada pole, na aliyefuta bila kukuandikia neno hakufanya vizuri. Kanuni yenyewe lakini naitetea. Kamusi elezo msomaji lazima aweze kuhakiki, na baba yako hawezi kupigiwa simu na kila msomaji. Ila mengi aliyokwambia yapo kwenye maandishi, yametawanyika tu. Ratiba za zamani za treni zinaonyesha stesheni ipi ilikuwepo mwaka gani, ikipotea kwenye ratiba ya mwaka unaofuata unajua iliacha kuhudumiwa lini. Ripoti za mwaka za shirika la pamoja, ramani za upimaji, magazeti ya siku zile. Maneno ya mzee yawe dira ya kukwambia utafute mwaka gani na tawi gani. Na umrekodi, tafadhali, umrekodi mapema, uipeleke sauti yake kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka inayopokea simulizi, ikishapokelewa na kuorodheshwa pale mtafiti ataitumia na sisi tutamnukuu mtafiti.

Mchangiaji wa nne

Naongezea hapo hapo. Kwenye historia ya Reli ya Uganda simba wawili wa Tsavo waliokula wafanyakazi 1898 wanapewa aya nzima nzima. Waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, karibu 2,500 wakafa, wengi kwa magonjwa na ajali, hao wanapewa sentensi moja, na Waafrika waliobeba na kuchimba hata sentensi hawapati. Mnabishana jedwali likae wapi wakati waliolaza mataruma hawamo kwenye makala.

Mleta mada

Umesema kweli na sina cha kupinga. Ndo maana nang'ang'ania makala moja nene ya njia, kwa sababu sehemu ya "Ujenzi na wafanyakazi" inahitaji nafasi, kwenye vipande vya stesheni haiwezi kukaa popote.

Mchangiaji wa tano

Geji wakuu msisahau. Dar es Salaam peke yake zimo tatu: reli ya kati ya zamani milimita 1,000, Tazara 1,067, SGR ya Tanzania 1,435. Treni ya hii haipiti kwenye ile. Makala ya reli isiyotaja geji kwenye sanduku la taarifa mi naona irudishwe kwa mwandishi.

Mleta mada

Kabisa. Basi naanza na ya Voi hadi Kahe wiki hii, jedwali la stesheni ndani yake, geji juu kabisa. Dada wa mchango wa tatu, tawi la baba yako ni lipi? Nitajie hapa, nikifungua ratiba nitafute na lako pamoja.