Umeme, gesi, sola au mkaa: wana Kigoma tupeane uzoefu, uliumia wapi?

Mjukuu wa Ujiji
Assalaam alaykum, na wengine habari za jioni, watu wa mwisho wa reli. Leo nimenunua umeme wa elfu 5 nikapata yuniti 9.8. Nimesoma ile meseji mara tatu nikidhani macho yangu. Kumbe mwezi mpya, kodi ya jengo 1,500 imeshakatwa. Na jengo lenyewe si langu, nimepanga chumba na sebule.

Nimekaa hapa nje nakumbuka enzi za majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika mtaa mzima unaguna kwa mpigo mmoja, watoto wanakimbilia mishumaa. Tulikuwa tunaambiana gridi ya taifa ikifika tutapikia umeme kama watu wa Dar. Gridi imekuja, taa zinawaka, nashukuru. Lakini jiko langu hadi usiku huu ni la mkaa. Wenzangu mnaishije? Semeni ukweli wenu, wa luku (umeme wa kulipia kabla), wa gesi, wa sola, wowote.

Bint Mwandiga
Umenigusa penyewe kaka. Elfu 5 ya mwanzo wa mwezi haina maana kabisa.

Fundi Gungu
Hiyo 1,500 ni mzigo wa mwenye nyumba kisheria, wewe unamkatia kwenye kodi ya pango. Weka zile meseji zote, mwisho wa mwaka ni 18,000.

La pili, na hili watu wengi hawalijui: uko T1, kundi la bei ya kawaida. Wa T1 yuniti ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa bei za nishati) asilimia 1 inafika kama 356. Ungekuwa D1, kundi la watumiaji wadogo, yuniti ni 100, na makato yote 122. Elfu 5 isiyo na kodi ya jengo, T1 anapata yuniti 14, D1 anapata 41. Umeme uleule, nguzo ileile. Masharti ya D1 ni matumizi ya nyumbani yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Za juu ya hapo zinahesabiwa kwa 350, na ukizoea kuzidi unahamishwa.

Mpangaji Mwanga
Fundi umesema neno ambalo limenikosesha raha miaka miwili.

Nyumba yetu ina vyumba sita, familia sita, mita moja. Mimi nina taa mbili, simu na redio. Peke yangu kwa mwezi sifiki yuniti 15. Lakini mita haijui kwamba tuko sita, inaona mtu mmoja anayekula yuniti 100 na kitu, basi sote tunapigwa bei ya mtu mwenye pasi na friji. Bei ya wanyonge imewekwa kwa ajili yetu na sisi ndio hatuipati! Mwenye nyumba kubwa anayeishi na mkewe tu anaipata.

Halafu njoo kwenye mchango. Chumba cha tatu ana friji ya kuuza barafu, anatoa elfu 5 kama mimi. Nikisema naitwa mchawi wa maendeleo. Siku moja umeme uliisha saa mbili usiku, hakuna aliyetaka kununua, kila mtu anasema zamu si yake. Tulikaa giza siku mbili na gridi imepita juu ya bati letu. Mwanangu alikuwa na mtihani wa darasa la saba wiki ile. Nilimnunulia mshumaa, akasomea kwenye beseni lililogeuzwa ili nta isidondokee daftari.

Mwenye Nyumba Katubuka
Na sisi tusemwe sasa. Kuweka mita sita unajua ni bei gani? Mjini kuunganishwa ndani ya mita 30 ni 320,960 kwa mita moja. Zidisha mwenyewe. Wapangaji wanataka kila kitu na kodi hawapandishiwi.

Mpangaji Mwanga
Mzee wangu, heshima yako, lakini kodi umepandisha kwa sababu "nyumba ina umeme". Huo umeme wenyewe tunaulipia sisi.

Fundi Gungu
Nunueni mita ndogo za ndani, kila chumba na yake, mnagawana kwa haki. Ila bei itabaki ya T1, hilo sikudanganyi.

Mwalimu Kasulu
Hiyo 320,960 iliyoanza Januari 2022 iliwaumiza sana wa mjini, lakini msidhani sisi wa vijijini tuliowekewa bei ya 27,000 ya kuunganishwa tumepita bure. Oktoba 2022 Rais Samia alipozindua gridi huku kwetu, bibi yangu alilipa 27,000 yake siku za mwanzo kabisa. Kumbe kuvuta waya ndani ya nyumba fundi anataka laki tatu na nusu. Bibi analima maharage, laki tatu na nusu ni mavuno mazima. Alikaa miezi saba nguzo iko uani. Kilichomwokoa ni UMETA, kile kiboksi cha REA kinachobandikwa ukutani kikiwa na swichi na soketi zake, hakihitaji kusuka nyumba nzima. Tena aliyemwambia si ofisi, ni jirani. Kwa nini mtu hatangaziwi hicho kitu siku ya kwanza?

Mkazi wa Bangwe
Sisi tuko mtaa wa mjini kwa jina tu. Nina michikichi na mihogo mlangoni, nalipishwa bei ya mjini. Mwalimu, wewe umepewa.

Mwalimu Kasulu
Hujapewa wewe wala sikupewa mimi. Usinigeuze adui.

Mama Migebuka
Mimi ni mama lishe Kibirizi, naongelea gesi. Ule mtungi wa kilo 6 wa ruzuku, nusu bei, nilipanga foleni nikaupata. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa malkia: sufuria haina masizi, macho hayanitoki machozi, saa kumi na moja alfajiri chai tayari wanaposhuka watu wa mitumbwi. Ukaisha katikati ya ugali wa muhogo, na unajua ule ukikatiwa moto ndiyo basi. Wateja wanane wamekaa.

Kujaza kwangu ni 25,000 mara moja. Mfukoni nina elfu 8. Mkaa nanunua kopo la elfu moja, nikiuza nanunua la pili. Ndiyo sababu tunaurudia mkaa, wala si ujinga kama wanavyotufundisha kwenye semina. Mkaa unakubali kununuliwa kidogokidogo, gesi haikubali. Watuuzie gesi kwa kipimo, ya elfu moja moja, mtaona kama kuna mtu atabaki na moshi. Wameweka mpango asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati safi ifikapo 2034. Mtungi nimepewa, wa kujaza ni nani?

Bint Mwandiga
Mama hapo kwa kipimo nimesimama kukupigia makofi.

Kijana wa Kalya
Nilikuwa napita tu. Hayo ya kununua kidogokidogo yamenifikisha mahali ambapo sijawahi kupaandika.

Wakati huo nguzo hazijafika kwetu. Nilimchukulia mama sola ya kulipia kila siku kwa simu: paneli, kiboksi cha betri, taa tatu na redio. Ukilipa kinafunguka, usipolipa kinajifunga chenyewe. Nililipa miezi kumi na minne bila kuruka, nikivua dagaa. Kisha mama akaugua na hela zote zikaenda kwenye mtumbwi wa kwenda mjini, vipimo na dawa. Tukarudi naye nyumbani. Siku tatu sikulipa.

Usiku wa tatu, saa tatu hivi, mama anahema kwa shida, dada yangu anamlisha uji kwa kijiko. Taa zikazimika zote tatu. Kiboksi kikabaki na kijitaa chekundu kinachopepesa. Betri imejaa! Jua lilipiga juu ya bati letu kutwa nzima. Umeme uko mle ndani, nakisikia kiboksi kikiwa na joto mkononi, na siwezi kuutoa. Dada akaniambia, "Kaka, simwoni mama mdomo."

Nilikimbia kwa jirani nikakopa 1,500. Mtandao hakuna. Nikapanda kilimani kwenye mwembe ambao wote tunapigia simu, nikatuma, ikakataa, nikatuma tena, ikakubali. Meseji ya namba za kufungulia haiji. Nikakaa pale na simu nimeiinua juu kama mtu anayeomba mvua. Ilipokuja nikateremka mbio, nikaziingiza namba, taa zikawaka. Dada alikuwa ameshamfunika kitambaa.

Najua ugonjwa ndio uliomchukua, taa haikumuua. Lakini sikumwona usoni, na nilikuwa na sola juu ya bati.

Mama Migebuka
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu. Pole sana, sana.

Mjukuu wa Ujiji
Pole ndugu yangu. Nimeshindwa kuendelea kula.

Wakala wa Sola
Pole kaka, kutoka moyoni. Niseme tu kwa wengine, mkataba ni mkataba, bila kufunga watu hawalipi na vifaa visingefika vijijini kabisa.

Mpangaji Mwanga
Mtu anasimulia kifo cha mama yake wewe unaleta mkataba?

Wakala wa Sola
Nimempa pole kwanza. Nimekwenda mwenyewe Ilagala na Uvinza na hivyo viboksi mgongoni, hakuna benki iliyokwenda kuwakopesha.

Fundi Gungu
Ngoja. Wote wawili mna lenu. Kifungwe redio na televisheni, sawa. Taa moja iachwe. Kifundi inawezekana kabisa, ni suala la kuamua. Na serikali inayopanga bei ya yuniti hadi senti kupitia EWURA haishindwi kuandika sharti hilo.

Kijana wa Kalya
Taa moja ingetosha. Deni nililimaliza lote baada ya msiba, Wakala, ili usifikiri tunakimbia kulipa.

Wakala wa Sola
Nimekuelewa kaka. Hilo la taa moja nitalifikisha kwa wakubwa zangu, naahidi.

Mzee wa Reli
Wanangu, nimesoma yote. Swali langu ni moja. Bwawa la Nyerere megawati 2,115 limekamilika, mradi wetu wa umeme wa maji wa Malagarasi megawati 49.5 tumeusubiri tangu nikiwa na nywele nyeusi. Zamani dizeli ya Kigoma ilisafirishwa mbali na ilichomwa kwa hasara, kwa sababu bei ya yuniti ni moja nchi nzima. Hiyo hasara imekwisha. Maji hayanunuliwi sheli. Mbona yuniti haishuki?

Fundi Gungu
Mzee, bwawa na nyaya zimejengwa kwa fedha nyingi na lazima zirudi.

Mzee wa Reli
Zirudi, lakini zisianzie kwenye chumba chenye taa mbili.

Bint Mwandiga
Ushauri wangu kwa wa D1: jiko la umeme la presha. Naloweka maharage usiku, asubuhi dakika arobaini yameiva, haifiki hata yuniti 1. Mkaa wake ulikuwa unanimaliza elfu moja na mia tano.

Mkazi wa Bangwe
Bei ya hilo jiko je? Wengine tuoe aliyenalo.

Mama Migebuka
Usidanganyike, ukipikia umeme kila siku utazidi 75 uhamishwe.

Bint Mwandiga
Mama, mwezi uliopita nilitumia 58, na napika mara mbili kwa siku. Mita inaonyesha.

Mpangaji Mwanga
Fundi, niulize la mwisho. Nikihamia chumba chenye mita yake iliyokuwa T1, naombaje irudishwe D1?

Fundi Gungu
Nenda ofisi ya umeme ya wilaya na namba ya mita, uandike barua kwa mkono. Wataangalia matumizi ya miezi iliyopita, kwa hiyo kaa chini ya 75 kwanza. Usimpe kishoka, wale matapeli wanaojifanya watu wa umeme, hata mia.

Mpangaji Mwanga
Kesho saa mbili niko pale mlangoni. Kuna mwingine wa Mwanga twende pamoja?

Mjukuu wa Ujiji
Nipitie hapa Ujiji, stendi ya daladala. Nakuja na meseji zangu zote.