Kipeperushi cha dimenshia ya Parkinson: wagonjwa tuwahusishe vipi?

Mhariri_Tanga
Wakuu, tunaandaa kipeperushi cha kurasa mbili kuhusu dimenshia ya Parkinson, yaani kusahau na kufikiri kwa shida kunakowapata baadhi ya wenye ugonjwa huu wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Rasimu kaandika daktari, na kila tukiwapa wagonjwa wanasema "nzuri tu". Watasemaje ukweli? Na ambaye kumbukumbu imeshapungua, anaweza kuchangia?

Nesi_Neva
Mkuu, "nzuri tu" ni adabu, si maoni. Mpe sentensi moja aisome, kisha akueleze kwa maneno yake. Anapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Kaeni naye saa moja hivi baada ya kumeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, ikiwa imekolea, na msizidi dakika 40. Uliza swali moja, halafu nyamaza. Sekunde kumi ni ndefu, najua, lakini wengi hukimbilia kurudia swali kwa maneno mengine, na mgonjwa analazimika kuanza upya kulifikiria. Fomu ya kujaza usimpe, mwandiko wao huzidi kuwa mdogo mpaka hausomeki. Ridhaa iombe upya kila kikao.

BiMkubwa
Mgonjwa na mlezi wahojini kila mmoja peke yake, la sivyo mlezi ndiye atajibu yote. Isitoshe, kuna yasiyosemwa mbele ya watoto. Mzee anaona paka chumbani ambaye hayupo, ananyamaza asije akaambiwa ana majini. Daktari ataandika "maruweruwe", mwenyewe atasema "naona vitu". Andikeni hivyo: "Je, unaona watu au wanyama ambao wengine hawawaoni?"

Tumieni karatasi isiyong'aa, maandishi meusi ya ukubwa wa 14 au zaidi. Nakshi msiweke, wengine huona wadudu wanatembea humo.

Mfamasia_K
Nyongeza: si kila kitu ni cha kupigiwa kura. Benzhexol ya kutuliza kutetemeka huweza kuzidisha kusahau, na haloperidol anayopewa mtu "aliyechanganyikiwa" inaweza kumkakamaza vibaya. Wagonjwa wakisikia hayo watataka iandikwe "acha dawa hii". Msikubali. Levodopa ikikatwa ghafla ni hatari, na msomaji anaweza kukata dawa isiyo yenyewe. Andikeni: "Mwonyeshe daktari dawa zako zote, hata za dukani."

Pia chagueni wachangiaji vizuri. Kama kusahau kulitangulia dalili za mwili, au kulifuata kabla ya mwaka kwisha, kwa kawaida hiyo huitwa dimenshia ya Lewy, si ya Parkinson. Dalili zinafanana, ila simulizi ya mwanzo wake itawavuruga wasomaji wenu.

Mhariri_Tanga
Shukrani sana. Pindo la kanga tulilozungushia kila ukurasa naliondoa leo.