Jenetiki ya uraibu: apitie udaktari au maabara?

MwanaUrambo: Wakuu, mdogo wangu wa kike yuko PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) hapa Tabora. Kakulia kwenye tumbaku ya baba, sasa kang'ang'ania swali moja: kwa nini wavutaji wawili wa sigara zilezile, mmoja anaacha akiamua, mwenzake anashindwa? Anataka kutafiti jenetiki ya uraibu. Aombe udaktari Muhimbili, au biolojia ya molekuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam?

MwishoWaReli: Udaktari. Miaka 5, mwaka wa utarajali, kisha abobee magonjwa ya akili. Ni safari ndefu, ila swali atalipata kwa wagonjwa. Mary Jeanne Kreek, mtafiti wa uraibu, alikuwa daktari. Mwaka 1964 alijiunga na madaktari Dole na Nyswander huko New York kujaribu methadoni, dawa ya kupunguza hamu ya heroini, kwa waraibu wake, miaka mingi baadaye ndipo akaingia kwenye jeni. Methadoni hiyo inatolewa Muhimbili tangu 2011. Na jeni zikikosa ajira, huku Kigoma tunahitaji madaktari kila siku 😀

Takwimu_Tupu: Mkuu, unamzungusha binti wa watu. Kazi hii siku hizi iko kwenye kompyuta. Kwa nikotini jeni mashuhuri ni CHRNA5, ya kipokezi cha ubongoni, na CYP2A6, ya kimeng'enya cha ini. Anayevunja nikotini upesi huwa anavuta zaidi. Zinazobaki ni nyingi mno na kila moja inachangia kiduchu, kwa hiyo unalinganisha vinasaba vya watu malaki. Tena data nyingi ni za Wazungu, wakati Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko kote. Nafasi iko hapo.

MwishoWaReli: Nafasi ya mradi. Mradi ukiisha, mkataba nao umeisha. Leseni ya udaktari haiishi hivyo.

Takwimu_Tupu: Hapo sibishi.

MamaKaliua: Njia yoyote, ajifunze kuongea na watu. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe. Nusu! Asije kijijini kututangazia kwamba ukoo fulani ni wa walevi.

MwanaUrambo: Asanteni. Anauliza, BAM (hisabati ya msingi) ya PCB itamtosha kwa hizo takwimu?

Takwimu_Tupu: Kwa kuanzia, ndiyo. Chuoni asikwepe somo la takwimu hata moja. Akimaliza mtihani ajifunze R, programu ya takwimu, haiuzwi, inataka kompyuta na bando tu.

MwishoWaReli: Na fomu ya udaktari ajaze.