Tumenunua tivii za 4K, fremu za kweli wamebaki nazo wao

Wakuu, hili limenikera kiasi cha kuliandikia uzi.

The Hobbit ya 2012 Peter Jackson aliipiga kwa fremu 48 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazopita haraka zikawa filamu), mara mbili ya zile 24 tulizozizoea. Avatar ya pili, ile ya 2022, ilionyeshwa kwenye kumbi ikiwa na vipande vingi vya fremu 48. Nunua sasa diski yake ya 4K: 24. Fremu zilizopigwa kwa gharama yote ile zimeachwa ukumbini. Sisi wa Mbeya, ambao sebuleni ndiko kwenye ukumbi wetu, tunauziwa nusu ya picha kwa bei kamili.

Utetezi ni kwamba diski ya 4K haikuwekewa kiwango cha fremu 48. Ni kweli haikuwekewa. Lakini ina 60! Ang Lee aliipiga Gemini Man kwa fremu 120, ikaletwa kwenye diski kwa 60, na ukiitazama kwenye tivii nzuri unaona kila kitu pikipiki zikikimbizana, hakuna ukungu. Kwa hiyo studio za filamu zikitaka zinaweza.

Sasa njoo madukani. Pale Mwanjelwa niliuziwa inchi 55, boksi limeandikwa 120 kwa herufi kubwa, muuzaji anaapa kabisa. Nyumbani nikakuta paneli, yaani kioo chenyewe, ni ya 60 na tundu zote za kuchomekea waya wa picha ni HDMI 2.0, ambayo kwa 4K mwisho wake ni fremu 60. Hiyo 120 ni programu inayobuni fremu za katikati: inatazama picha mbili, inakisia kilichopita kati yake, inachomeka. Mtu akigeuka haraka, kingo za uso zinameguka. Nimerudi dukani, naambiwa "kaka, mbona wenzako hawalalamiki?" Huo ni wizi.

Na hizo fremu za kubuni zinakuja zimewashwa tayari kutoka kiwandani. Tom Cruise alitoa video 2018 akiwaomba watu wazizime, na hapa ndipo kesi inapoharibika: watu wakishaona ule utelezi wa bandia wanasema "fremu nyingi zinaharibu filamu". Hapana! Mechi tunazotazama kila wikendi kwenye vibanda umiza vya Uyole na Mafiati huwa zinarushwa kwa picha 50 kwa sekunde, na hajawahi kusimama mtu kulalamika kwamba mpira unateleza mno. Fremu iliyopigwa na kamera na fremu iliyokisiwa na tivii ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji awashe tivii, achomeke kitu cha fremu 120 mbele yako. Akianza maneno mengi, ondoka.

Mliopo Iringa, Makambako, Njombe: kuna aliyepata tivii yenye paneli ya 120 halisi na HDMI 2.1, ile inayopitisha 4K kwa fremu 120? Weka modeli na bei hapa.