Mteja kaniuliza "nyie mna nini cha zaidi?" nimekosa jibu. Nishushe bei?

Fundi_wa_Sinza

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi na wenzangu watatu tuna kaofisi ka kutengeneza mifumo ya kompyuta kwa oda, hapa Sinza, juu ya saluni. Mwaka wa nne huu. Hatuuzi mfumo uliokwisha tengenezwa. Mteja anakuja na shida yake, tunampima, tunamshonea. Tangu siku ya kwanza tuna masharti yetu: hakuna kazi inayokwenda kwa mteja kabla mwenzako hajaisoma mstari kwa mstari, na kila hesabu inayogusa pesa ina jaribio linalojiendesha lenyewe kila tunapobadilisha kitu.

Sasa kuna mzee wa vipuri vya magari Gerezani, fremu mbili na stoo moja. Anataka mfumo wa mauzo. Tukampa profoma ya milioni 14, miezi mitatu. Juzi kanitumia WhatsApp picha ya profoma ya watu wengine: milioni 3 na nusu, wiki tatu, app ya simu bure. Chini kaandika: "Kijana wangu, nyie mna nini cha zaidi?"

Siku ya tatu leo sijajibu. Jibu ninalo, ila haliwezi kuonekana kwenye skrini. Mfano: chukua vipuri vitatu, kila kimoja 10,000, VAT ya 18% ikiwa humo ndani. Ukipiga VAT ya kila kimoja na kukata senti unapata 1,525, mara tatu ni 4,575. Ukipiga kwenye jumla ya 30,000 unapata 4,576. Shilingi moja! Ila hiyo shilingi ikijirudia kwenye mamia ya risiti, mwisho wa mwezi ripoti ya mfumo na ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, hazisomani, na mhasibu anakesha. Sisi jambo hilo tunalimaliza kabla ya kuchora kitufe cha kwanza. Nani atalipia shilingi moja?

Mfano mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya shida siku kadhaa, mteja wetu mwenye duka la dawa Mbagala aliuza kama kawaida. Mfumo wake unaandika kwanza kwenye kompyuta ya dukani, mtandao ukirudi ndiyo unapeleka kwenye seva. Hakutupigia kushukuru. Hakujua kama kuna lililotokea.

Kodi ya ofisi ya miezi sita inaisha mwezi ujao. Mwenzangu mmoja anasema tushuke mpaka milioni 6, majaribio tuyaruke, tutarekebisha mbele ya safari. Ningekuwa peke yangu ningekataa, ila yeye ana mtoto mchanga na mimi sina. Mnanishauri nini?

Jembe Butu

Chukua hela mkuu. Ubora haupikwi ukawa ugali.

Mama Bearing

Nipo Kariakoo miaka 19, nauza hivyo hivyo vipuri, kwa hiyo nisikilize kama mteja.

Mimi nilinunua wa bei rahisi. Kijana mzuri, ana heshima, shikamoo mama kila asubuhi. Mwezi wa tano mfumo ukaanza kukataa kufungua stoo. Nikapiga, namba haipatikani. Seva ilikuwa kwa jina lake, nywila anazo yeye. Tukarudi kwenye kaunta buku na ndiko tuliko mpaka leo.

Lakini na wewe mwanangu profoma yako naijua bila kuiona. Mstari mmoja: "Kutengeneza mfumo, 14,000,000". Nione nini hapo? Ukinitajia neno ubora najua unanipandishia bei, maana hata muuza feki hapa nje anasema ubora. Ungekuja jioni ukaniuliza hesabu tunafungaje, ningekuwekea kiti.

Nyundo ya Zege

Wa milioni 3.5 ni fundi maiko, mlipuaji kazi, sawa. Ila na nyie mnaojiita wenye ufundi mna ugonjwa wenu. Mtu kaomba banda la kuku, mnamwagia nguzo za ghorofa sita. Fremu mbili! Nilifanya kazi ofisi moja ya aina yenu, tulitumia wiki nzima kubishana majina ya mafaili huku mteja anasubiri risiti itoke. Ile ilani ya 2009 ya waandika programu wanaotaka kazi yao ihesabiwe ufundi tuliibandika ukutani, mshahara tukaupata kwa mafungu.

Pesa na stoo, hapo usilegeze hata kidogo. Ukurasa wa kubadilisha picha ya mtumiaji, tupia tu chochote.

binti_kijitonyama

Nyundo kaumiza ila kasema kweli. Naongeza nilichojifunza kwa kupoteza pesa zangu.

Mkuu, usishushe bei ya kazi ile ile. Punguza kazi. Ukitoa milioni 14 ikawa 6 kwa kitu kile kile, mzee atajiuliza 8 ulikuwa unamwibia za nini, na ana haki.

Muuzie wiki moja kwanza. Laki 8, unakaa dukani kwake, unaangalia wanavyouza, mwisho unampa karatasi: shida ni hizi, ya kuanza ni hii, itagharimu hivi. Karatasi iwe mali yake.

Na hilo la kuruka majaribio "turekebishe baadaye", mweleze mwenzako kwa lugha ya Kariakoo. Mwandika programu Mmarekani, Ward Cunningham, tangu 1992 alifananisha kazi ya haraka haraka na deni. Kwetu hiyo ni mali kauli. Umechukua mzigo, umeuza, umefurahi, ila wa kukudai yupo na anajua unapolala. Mali kauli si dhambi, biashara nzima ya Dar inatembea nayo. Tatizo ni kuchukua bila kuandika. Mkiruka kitu, kiandikwe, na mteja asaini kwamba anajua.

Mengine kwa haraka: jina la tovuti na seva viandikishwe kwa jina la mteja (Mama Bearing pole sana). Matengenezo yawe na malipo ya kila mwezi yanayojitegemea, usiyafiche ndani ya bei ya kwanza. Akikukata 5% ya kodi ya zuio, ile anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, dai cheti chake, wengi tunasahau kisha tunalipa mara mbili.

Fundi_wa_Sinza

Mama Bearing, mstari mmoja kweli. Nimeona aibu.

Binti, je akiichukua hiyo karatasi akampelekea wa milioni 3.5?

binti_kijitonyama

Ampelekee. Umelipwa. Kwangu wamewahi kufanya hivyo wawili, mmoja akarudi baada ya miezi minne, sikumuuliza kilichomkuta.

Jembe Butu

Laki 8 kukaa dukani kuangalia watu wakiuza! Nimechagua kazi mbaya.

Fundi_wa_Sinza

Mrejesho, maana uzi bila mrejesho ni uchoyo.

Mzee alikubali wiki, tukashushana mpaka laki 6. Nimekaa siku sita kwenye kreti ya soda pembeni ya kaunta. Siku ya pili nikaona kijana wa dukani anauza bearing kwa pea, wakati stoo wanahesabu kwa boksi, na boksi nyingine zina kumi, nyingine kumi na mbili, kutegemea mzigo ulikotoka. Kwenye profoma yangu ya milioni 14 hilo halikuwemo. Tungeandika majaribio mazuri ya hesabu isiyo sahihi.

Kubwa zaidi ni jioni. Mauzo ya taslimu anayafunga kwa dakika kumi, kichwani, bila kukosea. Kinachomtesa ni daftari la mafundi gereji wanaochukua kwa mali kauli. Kurasa zimechanika, mmoja kaandikwa kwa majina matatu tofauti. Mzee mwenyewe akasema, "Hapa ndipo pesa yangu inapolala." Alikuja kwetu akiomba mfumo wa mauzo kwa sababu jirani yake anao.

Nimempa profoma mpya: wadeni na stoo tu, milioni 5 na laki 2, wiki saba, mistari tisa, kila mstari na bei yake. Mstari wa tatu ni "pea na boksi". Majaribio hayana mstari, yamo ndani ya kila bei. Mwenzangu mwenye mtoto amekubali, ingawa kodi ya ofisi tunaikopa.

Hajasaini. Anasema anaongea na mwanawe kwanza.

Mama Bearing

Ile laki 6 risiti ulimkatia?

Fundi_wa_Sinza

Nilimkatia mama. Kaikunja, kaitia ndani ya lile daftari la wadeni.